Skafu ya milia: ncha hadi ncha, kwa urefu, au kwa mviringo?

Maelekezo mengi ya kufuma skafu yameandikwa kwa mtindo mmoja: anzisha vitanzi arobaini na kitu, fuma mpaka urefu ukutoshe, funga. Rangi ni moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka milia, maelekezo hayo yanakuacha njiani. Unabaki wewe kuamua kama milia itakatiza skafu au itafuata urefu wake, mikia ya nyuzi utaificha wapi, na upande wa nyuma utaonekanaje siku upepo wa Limuru au wa Makete utakapoupindua.

Zipo njia tatu za kuyarekebisha maelekezo hayo, na zote nazifuma. Wafumaji hupenda kubishana ipi ni nadhifu zaidi. Kwangu swali la kwanza ni jingine: ukiwa katikati ya kazi, ni kitu gani utapenda uwe bado na nafasi ya kukibadilisha? Urefu, upana, au mpangilio wa rangi? Kila njia inakuachia uhuru upande mmoja na kukubana upande mwingine.

Vigezo vya ulinganisho

Skafu tunayoipima ni ileile kwa njia zote: upana sm 20, urefu sm 160, uzi wa unene wa kati (ule unaofumiwa sweta za shule) na sindano za mm 4. Hapo mkono wa kawaida hutoa vitanzi 22 kwa kila sm 10. Mkono wako ukiwa wa kukaza au wa kulegeza, namba zitahama, kwa hiyo anza na kipande cha majaribio cha sm 12 kwa 12 hivi, ukipime katikati, usikipime pembeni.

Kila njia nitaiangalia kwa mambo matano: vifaa na namna ya kuanza, milia na mikia yake, upande wa nyuma, unachoweza kubadilisha ukiwa umeshaanza, na mtu inayemfaa.

Maneno mawili ya kazi. Ukifuma mshono wa mbele (uzi ukiwa nyuma ya sindano) safu zote, kwenda na kurudi, kitambaa kinapata matuta pande zote mbili. Huo nauita mshono wa matuta. Ukifuma safu moja mbele na inayofuata kinyume (uzi ukiwa mbele ya sindano), unapata kitambaa laini usoni na chenye vinundu nyuma. Huo ni mshono laini.

Na neno moja kuhusu sindano, maana hapa ndipo maelekezo ya kutoka nje yanapowapoteza watu. Sindano nyingi za madukani kwetu bado zinaitwa kwa namba za zamani za Uingereza, ambapo namba ikipanda sindano inakonda: namba 8 ni mm 4, namba 6 ni mm 5. Wamarekani wanahesabu kinyume: namba 6 yao ndiyo mm 4 na namba 8 yao ni mm 5. Soma maelekezo ya Kimarekani yanayosema 8, chukua 8 ya dukani, na skafu itatoka nyembamba, ngumu na fupi. Angalia milimita, namba iache.

Njia ya kwanza: kutoka ncha hadi ncha

*Vifaa na kuanza.* Unaanzisha vitanzi 44 kwenye sindano mbili za kawaida, basi. Wengi wetu tulijifunzia kwenye spoki za baiskeli zilizonolewa, lakini kwa uzi huu ziache. Ni nyembamba mno na kitambaa kitakakamaa. Safu ni fupi, unaweza kufuma mbili ukingoja ugali uive.

*Milia na mikia.* Milia inakatiza skafu, kama zile za mashabiki wa mpira. Ukifuma mshono wa matuta, kila mlia wa safu 36 (matuta 18) utakuwa na sm 8 na zaidi kidogo, na milia 20 itakupa kama sm 164. Sasa hesabu mikia: ukikata uzi kila rangi inapoisha, kila mlia una mkia wa mwanzo na mkia wa mwisho, yaani mikia 40 ya kuingizwa kwa sindano ya kushonea. Hiyo ni jioni nzima, na ni jioni ambayo hakuna anayeipenda.

Unaweza kuikwepa kwa kufanya milia iwe myembamba, ya safu 2 au 4. Hapo hukati, uzi unaopumzika unapanda nao pembeni na kuchukuliwa zamu yake ikifika. Kwa milia minene ujanja huo unahitaji kuuzungusha uzi unaopumzika kwenye uzi unaofuma kila baada ya tuta moja au mawili, la sivyo utaning'inia au utauvuta ukingo uwe na mikunjo. Inawezekana, ila ukingo mmoja utakuwa mnene kuliko mwingine na mwenye jicho ataliona hilo.

*Upande wa nyuma.* Tazama kwa karibu pale rangi inapobadilika. Usoni unaona mstari safi, nyekundu imeishia hapa na nyeupe imeanzia hapa. Geuza: rangi mbili zinaumana kwa vidoti, kimoja chekundu, kimoja cheupe, mpaka mwisho wa safu. Si kosa lako. Kitanzi kipya kinapopita ndani ya cha zamani, vichwa vya vile vya zamani vinabaki upande wa nyuma kama nundu, kwa hiyo rangi zote mbili zinaonekana pamoja. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha vidoti vyote viko upande mmoja: badilisha rangi kila mara ukiwa usoni, maana yake kila mlia uwe na safu shufwa. Mlia mmoja tu wa safu 35 ukiuweka katikati, tayari vidoti vimehamia mbele.

Wanaofuma mbavu (vitanzi viwili mbele, viwili kinyume) watakutana na vidoti usoni pia, kwenye mifereji. Dawa yake ni rahisi na maelekezo mengi hayaitaji: safu ya kwanza ya rangi mpya, ukiwa usoni, ifume yote kwa mshono wa mbele, kisha rudi kwenye mbavu zako. Mvutano wa mbavu haupungui kwa kuonekana na uso unakuwa safi.

*Kubadilisha ukiwa njiani.* Hapa njia hii haina mpinzani. Unaijaribu shingoni wakati wowote na kuacha pale inapotosha. Rangi ikiisha dukani, unaingiza nyingine. Mtoto wa jirani akiipenda, unaifunga kwenye sm 110 na kumpa. Ulichokifunga tangu safu ya kwanza ni upana tu. Jihadhari na kitu kimoja: mshono wa matuta hujivuta kuelekea urefu, na skafu inayoning'inizwa msumarini itaongezeka. Mimi huacha sm 5 kabla ya urefu ninaoutaka.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza, anayefuma masalio ya nyuzi bila kujua yatafika wapi, na anayefuma kwenye matatu au daladala, kwa sababu kazi inaingia mkobani na kutolewa bila hasara.

Njia ya pili: kwa urefu

*Vifaa na kuanza.* Unaigeuza skafu ilale ubavu. Badala ya vitanzi 44 na safu 704, unaanzisha vitanzi 352 na kufuma safu 88. Jumla haibadiliki: vitanzi 30,976 kwa hesabu zote mbili. Kinachobadilika ni wapi uzito wa kazi umekaa, na hapa umekaa mwanzoni.

Sindano za kawaida hazitabeba vitanzi vyote hivyo. Unahitaji sindano ya mviringo, ile yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya, na waya huo uwe mrefu, sm 100 au zaidi. Huifumi kwa kuzunguka. Unakwenda mpaka mwisho, unageuza, unarudi. Ukianzisha kwa mkia mrefu, yaani vitanzi vya kwanza ukivitengeneza kwa mkia wa uzi pamoja na uzi unaotoka kwenye bunda, acha kama mita 5 za uzi, mara tatu ya urefu wa skafu. Funga kiuzi cha rangi tofauti kila baada ya vitanzi 50, vinginevyo utahesabu upya kila mtoto akikuita.

Kipande cha majaribio, ambacho kwenye njia ya kwanza ungeweza kukiruka ukasalimika, hapa ni lazima. Tuseme mkono wako unatoa vitanzi 20 kwa sm 10 badala ya 22. Kwenye njia ya kwanza skafu itakuwa na upana wa sm 22, na hakuna atakayegundua. Kwenye njia hii itakuwa na urefu wa sm 176.

*Milia na mikia.* Milia inakimbia na urefu wa skafu, ikishuka kifuani wima. Safu 88 zinagawanyika vizuri kuwa milia 11 ya safu 8, kila mmoja ukiwa na kama sm 1.8, na kwa kuwa 11 ni witiri, rangi iliyoanza ndiyo itakayomaliza. Mikia ni 22 tu.

Raha ya njia hii iko kwenye mikia hiyo, kwa sababu huhitaji kuificha. Kata uzi kila mwisho wa safu, ukiacha sm 20 kila upande, na anza safu inayofuata kwa uzi mpya wenye mkia kama huo. Ukimaliza, kila ncha ya skafu ina nyuzi 88 zinazoning'inia. Zikusanye nanenane kufuata milia, funga fundo, nawe unapata matamvua 11 kila upande, kila tamvua likiwa na rangi ya mlia wake. Hakuna kushonea hata mkia mmoja. Gharama yake ni kama mita 35 za uzi wa ziada, na mafundo lazima yakazwe vizuri kwa sababu ndiyo yanayozuia skafu isifumuke.

*Upande wa nyuma.* Vidoti vipo vilevile, na kanuni ya safu shufwa ni ileile. Ila kwenye milia myembamba inayokimbia wima, vidoti vinasomeka kama nakshi iliyokusudiwa. Wapo wanaovaa upande huo kwa makusudi, na siwalaumu.

*Kubadilisha ukiwa njiani.* Urefu umeshafungwa siku ya kwanza. Upana ndio ulio huru: ukichoka kwenye sm 15, funga, hiyo nayo ni skafu kamili. Rangi pia ni huru, mradi zikutoshe kumaliza safu, maana safu moja inakula karibu mita 5 na kufunga vitanzi kunakula zaidi ya hapo. Pima safu moja inachukua kiasi gani kabla uzi haujafika ukingoni. Ukifunga, legeza mkono au chukua sindano nene zaidi. Ukingo wa mwisho ukikazwa kuliko wa mwanzo, skafu nzima inapinda upinde na hata kuipiga pasi ya mvuke hakuinyooshi.

Faida moja inayosahaulika: kwa kuwa matuta yamelala kufuata urefu, skafu hii hairefuki hovyo ikining'inizwa.

*Inamfaa nani.* Anayejua vipimo vyake kabla hajaanza, anayependa matamvua, na mwenye uvumilivu wa siku za mwanzo ambapo anafuma na kufuma na kitambaa hakizidi vidole viwili.

Njia ya tatu: kwa mviringo

*Vifaa na kuanza.* Skafu inafumwa kama bomba na kulazwa bapa, kwa hiyo sm 20 za upana ni sm 40 za mzunguko: vitanzi 88. Tumia sindano ya mviringo ya sm 40, au seti ya sindano tano zenye ncha pande zote. Kabla ya kuunganisha mzunguko wa kwanza, hakikisha vitanzi vyote vinaangalia chini. Vikijisokota hapo, bomba litasokoteka mpaka mwisho na hakuna dawa isipokuwa kufumua.

Ukishaunganisha, ni mshono wa mbele pekee, mzunguko baada ya mzunguko, na kitambaa laini kinatoka chenyewe. Kwa mizunguko 30 kwa sm 10, utahitaji mizunguko 480, sawa na vitanzi 42,240. Ni zaidi ya theluthi moja juu ya zile njia mbili, na uzi nao unaongezeka hivyo hivyo: zile mbili zinakula kati ya gramu 150 na 200 za akriliki ya unene huu, hii itataka 200 hadi 250.

*Milia na mikia.* Milia inakatiza, kama njia ya kwanza, na mizunguko 24 inakupa sm 8 kamili. Mikia 40 unaifunga fundo na kuiacha tumboni mwa bomba. Haionekani tena maishani.

Kasoro yake ni ngazi. Ukifuma kwa mviringo huchori duara, unapanda taratibu kama ngazi za mnara, kwa hiyo mwanzo wa mlia mpya unakaa kitanzi kimoja chini ya mwisho wake. Nyekundu na nyeupe hazikutani, zinapishana. Dawa: fuma mzunguko wa kwanza wa rangi mpya kama kawaida, ukianza wa pili, kitanzi cha kwanza kihamishe tu kwenye sindano ya kulia bila kukifuma, kisha endelea. Ngazi inapungua karibu kuisha. Kinachobaki kiweke kwenye mkunjo wa pembeni wakati wa kulaza bomba.

*Upande wa nyuma.* Haupo. Vidoti vyote viko ndani na pande zote mbili ni uso.

Niseme hapa kuhusu rekebisho linalowanasa watu. Milia ya mshono laini ina mistari iliyonyooka kuliko ya matuta, kwa hiyo mtu anachukua maelekezo ya njia ya kwanza na kubadilisha mshono tu, akifuma laini kwenda na kurudi. Kitambaa hicho hujikunja: vitanzi vinavuta pembeni kuelekea nyuma, na skafu ya sm 20 inageuka kamba nene. Kuongeza vitanzi vichache vya matuta pembeni kunapunguza kidogo, hakuondoi. Kama unataka sura ya mshono laini, fuma bomba.

*Kubadilisha ukiwa njiani.* Urefu ni huru, rangi ni huru, upana umefungwa. Ukikosea, kufumua mzunguko mmoja ni vitanzi 88. Ncha mbili zinahitaji kufungwa mwishoni, kwa kushona au kwa matamvua yanayopita tabaka zote mbili.

*Inamfaa nani.* Anayefumia baridi ya kweli. Bomba ni tabaka mbili zenye hewa katikati, na kwa ndugu aliyeko Toronto au Oslo hilo ni jambo kubwa. Kwa Julai ya Nairobi linaweza kuwa zito. Saa nne asubuhi utalivua.

Kuhusu rangi, kwa njia zote

Nyekundu iliyokolea na nyeupe ni ndoa yenye hatari. Kabla ya kuanza, lowesha kipande cha kila uzi wenye rangi kali, ukikamue ndani ya kitambaa cheupe na kukiacha kikauke. Kikiacha doa, uzi huo usiuweke karibu na nyeupe, hata kama skafu ni ya Simba. Kijani na njano za Yanga zinasameheana kidogo. Kijani na nyeupe za Gor Mahia hazisameheani. Na usichanganye sufu na akriliki kwenye skafu moja: maji ya moto yatasinyaza sufu na kuiacha akriliki ilivyo, na milia itaanza kuwa na mawimbi.

Kwa hali yako

Una masalio ya nyuzi tofauti na hujui yatafika wapi: ncha hadi ncha, milia isiyolingana, na kila masalio yaishe yanapoisha. Kama kuna rangi moja kidogo sana, igawe mara mbili uiweke karibu na kila ncha.

Unafuma zawadi ya mtu ambaye urefu wake unaujua, na unataka ionekane imepangwa: kwa urefu, pamoja na matamvua ya rangi. Kipimo cha haraka cha urefu wa skafu ni kimo cha mvaaji.

Unafumia timu, na itavaliwa pande zote mbili mbele ya kamera: kwa mviringo, kama una sindano na uzi wa kutosha. Kama huna, ncha hadi ncha kwa matuta, mlia wa safu shufwa, na vidoti vikae upande wa shingoni.

Una sindano mbili fupi na wiki moja kabla baridi haijaingia Njombe: ncha hadi ncha, mbavu, milia ya safu 4 inayopanda bila kukatwa. Upana punguza hadi sm 15.

Mtoto anayejifunza amekuomba umwanzishie: vitanzi 25 kwa sindano za mm 5, rangi mbili, na mlia ubadilike kila anapochoka na rangi aliyonayo. Kanuni ya safu shufwa unaweza kumficha kwa sasa.